Perege wa Kwenye Mtumbwi

Watani wangu hawachoki. Kila wakiniona napakia mtungi wa hewa kwenye gari huuliza Mpare anakwenda kufanya nini chini ya maji, na kabla sijafungua mdomo hujijibu wenyewe: anakwenda kuwafungulia samaki kesi. Nacheka nao. Kesi tunazipenda, sikatai. Na ni kweli kwamba mtu aliyezaliwa Suji, juu milimani, ambako maji mengi kuliko yote ni ya mfereji wa kumwagilia maharage, hana sababu ya kujua kuzamia.

Nilijifunzia Tanga. Nilipangiwa kufundisha baiolojia huko nikiwa bado msichana, na nikakutana na kikundi cha wazamiaji wa kujitolea. Walikuwa watu wenye kazi zao: nesi, muuza rangi, na kiongozi wao alikuwa fundi umeme. Mwisho wa wiki walishuka kwenye matumbawe kuandika viumbe waliowaona, aina gani na wangapi, ili wanaopanga hifadhi ya pwani wasibaki kukisia ofisini. Nilikwenda mara ya kwanza kwa udadisi, nikanogewa. Niliandika kasa, nikaandika pweza, nikaandika samaki ambao hadi leo sijui majina yao ya Kiswahili kama yapo. Sikuwahi kuiogopa bahari. Nalisema hili mapema kwa sababu yanayofuata yataonyesha mtu mwoga, na sikuzaliwa hivyo.

Kisha kaka yangu akapotea.

Tulizaliwa wawili tu. Yeye alichoka jembe mapema, akashuka kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu kununua samaki na kuwapandisha milimani kwa pikipiki. Baadaye akaona faida iko majini, siyo barabarani, akapata mtumbwi mkuukuu na kuanza kuvua. Mama alimkataza mpaka akachoka. Alimwambia mtu wa milimani anajua maji yanayopita, hayajui maji yaliyokaa. Kaka alicheka na kumletea perege wakubwa kila alipopanda. Likizo moja nilimtembelea, nikamshikilia kipande cha bati la kijani wakati anakipigilia ubavuni mwa mtumbwi kuziba ufa. Bati lenyewe lilikuwa la mlango wa zamani wa jiko letu Suji.

Mchana mmoja upepo ulishuka bwawani ghafla. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi, wala mtumbwi haukuonekana. Wavuvi walikokota nyavu mpaka mikono ikachubuka, na hawakupata hata kasia.

Kwetu mtu hakai bila kaburi. Mwili ukikosekana, unazikwa mgomba: shina linakatwa urefu wa mtu, linavikwa sanda, linaombewa, linafukiwa, na waliobaki wanaweza kulala. Familia yetu inashika Sabato, na kanisa linafundisha kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote, kwa hiyo mchungaji hakuufurahia mgomba. Alikuja hata hivyo. Aliomba akiwa ametugeukia sisi, siyo shimo.

Kosa lilifanyika pale. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyekwenda shambani kwa kaka kuuchukua mgomba. Aliambiwa akate shina tu. Yeye akachimba, akauleta na kisiki chake chote, mizizi inaning'inia. Aliyemuuliza alijibiwa kwa ukali.

"Mtu hazikwi bila miguu," alisema baba mdogo.

Hakuna aliyebisha. Tulikuwa wakulima sote pale makaburini, na hapakuwa na mtoto asiyejua kwamba kisiki cha mgomba ukikitia ardhini kinafanya kazi yake. Shimo lenyewe lilikuwa fupi, kina cha kiuno hivi, kwa sababu vijana walichimba kivivu wakijua kinachoingia ni mgomba. Tukafukia, tukarudi nyumbani tukala makande. Masika yakaja. Kabla hayajaisha, ncha ya kijani ilichomoza kwenye udongo upande wa miguu.

Mama aliitazama, akasema maneno mawili: "Nilijua mimi."

Tangu siku hiyo ilikuwa hivi: ardhi imemkataa mwanawe kwa sababu hajafa. Yuko mahali. Alimtengea chakula kila jioni, asubuhi akawapa kuku. Samaki hakuingia tena nyumbani, kwa maana hapo mama alikuwa na hesabu nyingine isiyopatana na ile ya kwanza: mwanawe hajafa, lakini samaki wa bwawani wamemla. Sikumwuliza anaziwekaje zote mbili kichwani. Mimi mwenyewe nilikuwa nazo.

Nilihamia Same ili niwe karibu. Kila Ijumaa nilipanda Suji, na chumba changu kilikuwa upande wa kaburi. Mgomba ulikua haraka kuliko mgomba wowote shambani. Majani yake yalifika ukutani, na upepo ukivuma yalipapasa plasta taratibu, kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nafundisha jinsi mgomba unavyozaliana, nauchora ubaoni. Na nilikuwa nafunga dirisha na kuvuta pazia, nikaweka na kiti.

Ulipozaa, hakuna aliyeugusa mkungu. Ndizi ziliiva zikapasuka pale pale, zikaliwa na ndege. Baba mdogo, ambaye kwa wakati huu alikuwa amekonda kwa kujilaumu, aliitisha kikao cha ukoo akaomba ruhusa ya kuukata na kulijengea kaburi saruji. Mama hakupandisha sauti.

"Ukiugusa, shemeji, utakuwa umemuua wewe."

Hakuomba tena. Akipita pale alizunguka kwa nyuma ya zizi.

Miaka ikaenda, na moyo wa mama ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, ngazi mbili za mlangoni zikawa kazi. Daktari alituambia tusitegemee mengi. Mama alilijua hilo bila kuambiwa, na ndipo aliposema jambo lililokuwa likimla. Sehemu yake ya kuzikwa ilikuwa kando ya kaka. Lakini hawezi kulazwa kando ya kaburi ambalo halijaisha. Alitaka kujua mwanawe yuko wapi, na alitaka kujua kabla hajafa. Hakutaka kitu kingine, wala dawa.

Ni wakati huo fundi umeme aliponipigia simu kutoka Tanga. Wavuvi wa Nyumba ya Mungu walikuwa wanalalamika perege wamepungua na wanaopatikana ni wadogo. Walikuwa wamesikia habari za watu wanaohesabu samaki wa pwani, wakaomba wahesabiwe na wao. Kikundi kinapanda. Je, nitaungana nao? Nikamwambia sijazamia tangu msiba na sina mpango. Mama alikuwa kitandani anasikia.

"Unaweza kuona kule chini?" aliniuliza nilipokata simu.

"Kidogo, mama."

"Na ulikuwa unanyamaza." Alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vimejaa maji. "Nenda ukamtafute."

Bwawa si bahari. Tanga nilikuwa naona mbali, jua linashuka mpaka chini. Nyumba ya Mungu ukinyoosha mkono unaishia kwenye kiwiko, mbele ya hapo ni rangi ya chai ya maziwa. Tulikaa mbali na vinamasi vya mtoni waliko mamba, upande wenye miamba na vichaka vya migunga iliyokufa zamani bonde lilipofunikwa na maji. Migunga ile bado imesimama chini ya maji na matawi yake. Hujui upo mbele ya mti mpaka umekugusa usoni.

"Dada, huku si kwetu," fundi aliniambia siku ya kwanza, tukiwa ndani ya mashua. "Ukinipoteza usinitafute. Panda juu, nitakukuta."

Tulishuka wawiliwawili, tumeunganishwa kwa kamba, kila mmoja na kibao cheupe cha plastiki na penseli. Kazi ni kwenda polepole kando ya kamba ya kupimia na kuandika ulichokiona. Mvuvi mmoja aliyekuwa rafiki wa kaka ndiye aliyetuendeshea mashua na kuyachunga maji. Hakunitaja jina la kaka hata mara moja, nami nilimshukuru.

Niliandika perege. Niliandika kambale, ambao nyumbani hatuli kwa kuwa hawana magamba, na ambao sikutaka hata kuwatazama, maana najua wanakula nini. Mkono wangu ulikuwa unaandika vizuri lakini macho yalikuwa na kazi yao. Kila tawi lilikuwa bega. Kila mfuko wa plastiki ulionasa kwenye mti uligeuka uso kabla haujageuka mfuko. Nilipumua haraka mno, nikamaliza hewa kabla ya wengine wote, na fundi akaona.

Kila Ijumaa mama alikuwa ananisubiri ameegemea mto.

"Umemwona?"

"Bado, mama."

Halafu, kwa kuwa sikuweza kukaa kimya mbele ya macho yale, nilimsimulia samaki. Nilimwambia jike la perege huokota mayai yake kinywani na kuyabeba humo mpaka yanaanguliwa. Hata vifaranga wakishajua kuogelea, wakitishwa hurudi kukimbilia kinywani mwa mama yao. Na siku zote hizo jike hali kitu.

"Na akiwameza?"

"Hawamezi."

"Umejuaje?" alisema mama, akafumba macho.

Tulipofika kwenye vichaka vya migunga vya ndani zaidi, ambavyo wavuvi huvikwepa kwa sababu nyavu hunasa, nilidhani nimegusa mwamba. Nikapapasa. Ulikuwa ukingo, mrefu na umenyooka. Nikaufuata kwa mkono. Mtumbwi ulikuwa umelala ubavu katikati ya miti miwili, umejaa matope nusu, na wavu umeuzunguka toka mwanzo hadi mwisho. Nikasogeza uso karibu mpaka miwani ikagonga ubao, na kilichokuwa mbele ya jicho langu ni bati la kijani na misumari yake.

Perege walikuwa wamejaa. Kwenye matope ya ndani na ya kando walikuwa wamechimba viota vyao vya duara, kimoja karibu na kingine, na madume yalikuwa yamesimama juu ya viota kama wenye nyumba. Nilitia mkono ndani ya mtumbwi. Niliutia kwenye matope mpaka begani, nikazungusha, nikautoa, nikautia tena mbele kidogo. Matope yalikuwa laini na hayakuwa na kitu. Samaki walikimbia, kisha wakarudi, wakaanza kudonoa glavu yangu. Kamba ilivutwa, sikujibu. Ikavutwa tena. Fundi alikuja akanishika mkono wa pili, akaona ninachofanya, akaninyanyua kwa nguvu.

Juu nililia nikiwa na miwani usoni mpaka ikajaa. Mvuvi alikuwa ameinama anatazama mapovu yetu.

"Bati la kijani?" aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akavua kofia.

Jioni, tulipoweka vibao pamoja, hapakuwa na ubishi: pale ndipo perege walipokuwa wanazaa kuliko mahali pengine popote tulipofika. Wavuvi walikuwa wamepakwepa miaka yote, na samaki wakapata pa kukaa. Tulirudi kuukata ule wavu, kwa sababu ulikuwa unaua, na mtumbwi tukauacha. Tulipopeleka taarifa kwa kamati ya wavuvi, mimi ndiye niliyesimama kuomba pafungwe. Nilisema vizuri, nadhani. Pakawekwa maboya, ikakubaliwa kwamba nyavu na ndoana haziingii.

Nilipanda Suji nikijua siwezi kumdanganya mama wala siwezi kumwambia. Nikamwambia.

"Mtumbwi nimeuona. Yeye sikumwona."

"Umepinduka?"

"Umelala ubavu."

"Ndani mna nini?"

"Matope. Na samaki, perege. Wanazaa humo."

Aligeukia ukuta. Nje majani ya mgomba yalikuwa yanapapasa. Nilijua anachofikiri, nilikuwa nafikiri hicho hicho: mtumbwi mtupu ni mtu aliyeogelea akatoka. Nilikuwa nimemwongezea miaka ya kusubiri na hana miaka. Nilijichukia. Kisha akasema, bado ameelekea ukutani:

"Niletee mmoja."

"Mmoja nini, mama?"

"Samaki. Wa humo humo. Siyo wa mnadani, siyo wa wachuuzi wa barabarani kule Kifaru. Wa humo."

"Mama, pamefungwa."

"Nani kafunga?"

"Sisi. Mimi."

"Basi fungua."

Njia nzima ya kushuka nilifikiri kununua. Perege ni perege, ukiwapanga sokoni hata mimi siwezi kusema nani katoka kwenye kichaka gani. Mama asingejua. Lakini mimi ningejua, na mimi ndiye ninayelala chumba cha upande ule. Nikaenda kwenye kamati, nikaomba mbele ya watu.

Walibishana kama Wapare wanavyobishana, kwa raha na kwa vifungu. Mmoja alisema sheria inayovunjwa na aliyeitunga si sheria. Mwingine alisema wakinipa mimi kwa sababu ya msiba, kesho kila mtu ataleta msiba wake. Hapo mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa amekaa nyuma, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na kweli tutaleta. Nani hapa hana mtu wake humo?"

Nilitazama maji kupitia mlangoni na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi yalivyo makubwa. Mwishowe walikubali: samaki mmoja, kwa ndoana, avue rafiki wa kaka, nami niwepo.

Alimpata mapema mno, kama vile samaki alikuwa anangoja. Kabla ya lolote nilimfungua kinywa nikachungulia. Kilikuwa kitupu. Nikamtia kwenye ndoo yenye maji, nikamweka chini ya kiti cha mbele cha gari, na alikuwa akijigonga kwenye ndoo mpaka tulipopita Makanya. Tulipoanza kupanda mlima alitulia.

Nilimpika chukuchuku, chumvi na ndimu tu. Mama aliomba aketishwe sebuleni, mezani, akiwa amevaa khanga safi. Alikataa ugali. Nilitaka kumwambia perege hali nyama, anakula mwani unaoota kwenye mbao na mawe. Nikanyamaza, kwa kuwa najua pia mwani unaota juu ya nini. Alikula polepole, kwa vidole, kama mtu anayechambua mchele. Alikula mpaka kichwa. Katikati alinyofoa kipande cha mgongoni akakileta kinywani kwangu, na mimi, mtu mzima mwenye wanafunzi, nikafungua mdomo. Kilikuwa kitamu. Sijapata kumsimulia mtu hilo.

Miba yote aliikusanya pembeni mwa sahani, hata ile midogo ya mapezi, akaifunga kwenye kipande cha kitambaa cheupe.

"Mwiteni shemeji," alisema. "Aje na jembe na panga."

Baba mdogo alikuja mbio kisha akasimama mbele ya mgomba bila kuinua mkono. Ilibidi mama aliyebebwa kwenye kiti amwambie: "Kata." Shina lilianguka upande wa shamba. Kuchimba ndiko kulikotuchukua muda, maana mizizi ilikuwa imelijaza kaburi zima, na kila walipodhani wamekitoa kisiki waliona kingine kimezaliwa chini yake. Walitoa vyote. Wakachimba zaidi, mara hii kina cha kaburi la mtu. Majirani walikuwa wamefika, na mchungaji naye, hakuna aliyewaita. Mchungaji alisimama akilitazama shimo.

Mama alilishika lile furushi mapajani. Hakumtazama mchungaji, wala baba mdogo. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye uliyefika kule," alisema. "Ni yeye huyu?"

Watu wote waligeuka. Niliyaona matope, na mkono wangu ndani yake mpaka begani, haushiki kitu.

"Ni yeye, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akanipa nilishushe.